Penseli ya bingwa au turubai ya asiyejulikana? Kuchagua sanaa ya Italia ya karne ya 19

Chukulia umekaa mnadani Firenze, una yuro 2,000, na kazi mbili zinasubiri zamu yake. Ya kwanza ni karatasi ndogo kuliko daftari la shule. Ina ng'ombe wawili wa Maremma, nyanda za pwani ya Toscana, wenye mapembe marefu, wa penseli tu, na mmoja hana miguu ya nyuma kwa sababu mchoraji Giovanni Fattori alimwacha njiani akahamia kwa mwenzake. Ya pili ni turubai ya karibu mita moja: ghuba ya Napoli, jua linazama, wavuvi wanavuta nyavu, Vesuvio inafuka moshi, na fremu yake ya dhahabu inataka watu wawili kuibeba. Katalogi inasema "scuola napoletana, XIX secolo", maana yake aliyeichora hajulikani. Dalali anatarajia zote mbili ziishie kwenye bei ileile. Unanyanyua mkono kwa ipi?

Wengi hunyanyua kwa turubai, na sababu yao naielewa. Mgeni akibisha hodi anaiona kabla hajavua viatu. Wale ng'ombe atauliza kama ni kazi ya mtoto. Mimi ni mtu wa karatasi, nisifiche, na ningependa mwenye pesa za wastani naye awe hivyo. Ila kuna watu ambao karatasi itawaozea ukutani, na baadhi yao wanaishi Tanga, Mombasa na Unguja. Nitawafikia.

Pesa ileile inanunua nini

Picha za mafuta za Fattori (1825–1908) huuzwa kwa makumi ya maelfu ya yuro, na zilizo bora kwa mamia ya maelfu. Penseli yake hupatikana kwa elfu moja, mbili, tano. Kwa Giovanni Boldini au Giuseppe De Nittis, Waitaliano waliohamia Paris, pengo hilo ni pana zaidi. Kwa hiyo mwenye yuro 2,000 ana njia mbili: mkono wa daraja la kwanza kwenye karatasi, au mkono wa daraja la tatu kwenye turubai. Njia ya tatu, yaani picha ya mafuta ya bingwa kwa bei ya kutupa, ndiyo ambayo matapeli wameifungulia duka.

Tofauti si ya bei tu. Fattori alitembea na vijitabu vya mfukoni, akichora askari waliochoka, farasi, mikokoteni, wachungaji wa Maremma juu ya matandiko yao. Kurasa zile hazikuwa na mteja aliyezisubiri. Zile turubai kubwa za mandhari ya Napoli mnunuzi wake alijulikana hata kabla rangi haijakorogwa: mtalii wa kaskazini aliyetaka Vesuvio yenye moshi, bahari ya buluu na mvuvi mwenye kofia nyekundu, na mchoraji akampa vyote vitatu. Ukiikazia macho picha kama hiyo kwa mwezi mmoja, utaanza kumwona mteja zaidi ya mchoraji.

Usidhani hata hivyo kwamba kila mchoro ni maandalizi ya picha. Giovanni Segantini (1858–1899), bingwa wa milima ya Alps, mara nyingi alichora baada ya picha kukamilika, akiirudia na kuigeuza kwenye karatasi. Kwake karatasi ni kazi kamili, na wauzaji wanalijua hilo vizuri mno.

Kuna pia daraja ambalo wanaoanza hulipita bila kuliona: michoro ya wanafunzi wa akademia. Kila akademia ya Italia, kuanzia Torino hadi Napoli, iliwakalisha vijana mbele ya mtu aliyevuliwa nguo na kuwapa mkaa na karatasi kubwa. Mingi haina saini, mingine ina muhuri wa shule au maelezo ya mashindano. Hupatikana kwa yuro mia chache, wakati mwingine chini ya hapo. Kama unataka kufundisha jicho lako kutambua mkono mzuri na mkono mzembe bila kufilisika, anza hapo. Jina hutapata, lakini bega lililochorwa sawasawa utalipata.

Kinachoharibu karatasi, kinachoharibu turubai

Kuna jambo linalowashangaza wengi: karatasi ya mwaka 1820 mara nyingi ina afya kuliko ya mwaka 1885. Ile ya zamani ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba. Katika nusu ya pili ya karne viwanda vilihamia kwenye massa ya mbao, yenye asidi, na karatasi hiyo hugeuka kahawia na kumeguka kama chapati kavu. Ndiyo maana mchoro wa Bartolomeo Pinelli (1781–1835), yule Mrumi aliyechora wacheza ngoma, walevi na majambazi wa mji wake, unaweza kuonekana mpya kando ya ukurasa uliochorwa na mtu aliyezaliwa miaka hamsini baada yake. Kama mchoro ni wa wino wa kahawia, uangalie kwa nyuma: wino wa chuma uliopendwa zamani huila karatasi polepole, na mistari mizito huanza kupasuka.

Mwanga ndio adui mkubwa zaidi. Makumbusho huweka michoro kwenye mwanga wa takriban lux 50, wakati picha za mafuta huvumilia hadi 200 hivi. Rangi ya maji iliyokaa miaka mingi karibu na dirisha imeshakufa hata kama mistari imebaki. Ukiweza, omba fremu ifunguliwe, kisha linganisha ukingo uliofunikwa na sehemu iliyokuwa wazi. Anga ikiwa na rangi mbili tofauti pale mpakani, umeshajua ilikuwa ikining'inia wapi.

Mafuta yana ugonjwa wake. Wachoraji wengi wa karne ile walipenda lami ya kahawia, yaani bitumini, kwa vivuli vizito vya joto. Lami hiyo haikauki sawasawa, hata baada ya miaka mia. Inajikunja na kupasuka kama ngozi ya mamba, na hakuna fundi wa kuirudisha. Jingine ni turubai iliyopigwa kitambaa kipya mgongoni kwa gundi na pasi ya moto: ikifanywa vibaya, rangi iliyokuwa imeinuka kama matuta hubanwa ikawa bapa. Na juu ya yote kuna marekebisho. Picha ya mafuta inaweza kuwa imepakwa upya theluthi nzima, ikavishwa vanishi, na wewe usione kitu. Karatasi haina pa kuficha, na doa lake, mkunjo wake au kiraka chake utakiona. Kwa anayeanza, hilo peke yake ni sababu tosha ya kuanza na karatasi.

Sasa wale wa pwani. Kama nyumba yako Tanga au Unguja inaishi madirisha wazi, unyevu wa hewa hupita asilimia 70 sehemu kubwa ya mwaka, na kiwango hicho ndicho kuvu inachokipenda. Mchoro ulioshikana na kioo cha fremu utaota madoa ya kahawia, kisha utagandia kioo. Viyoyozi vinavyowashwa jioni na kuzimwa asubuhi ni vibaya zaidi, kwa sababu karatasi hutanuka na kusinyaa kila siku. Kwa nyumba hiyo ninageuza ushauri wangu bila aibu: chukua mafuta, ya turubai, maana ubao nao hupinda. Tundika kwenye ukuta wa ndani, sio ule unaopigwa na mvua. Kama umeshaipenda karatasi kupita kiasi, weka nafasi kati yake na kioo, tumia kadibodi isiyo na asidi mgongoni, na uifungue mara moja kwa mwaka kuwatafuta wadudu. Mwenye nyumba Arusha, Nairobi au Kigali ana nafuu.

Firenze na Napoli, na waliohama

Ukisema karne ya 19 mbele ya muuzaji wa Italia, atakachokisikia kwanza ni Macchiaioli. Walikuwa vijana waliokutana Caffè Michelangiolo, Firenze, tangu miaka ya 1850: Fattori, Telemaco Signorini, Silvestro Lega na wenzao. Jina lenyewe lilianza gazetini kama tusi mwaka 1862, kwa sababu walijenga picha kwa madoa ("macchie" kwa Kiitaliano) ya mwanga na kivuli badala ya kumalizia kila unywele. Walichora nje, kwenye vibao vidogo, hata vifuniko vya masanduku ya sigara. Kazi mashuhuri ya Fattori, wanawake waliojikinga jua chini ya hema la ufukweni Livorno, ya mwaka 1866, ina sentimita 12 kwa 35 tu. Inakaa Palazzo Pitti, na ukisimama mbele yake unaelewa kwa nini ukubwa wa turubai haupaswi kukutisha.

Udogo huo ndio uliowapa kazi waghushi. Ubao mdogo wa zamani unapatikana kwenye kabati lolote bovu, madoa machache ya rangi hayahitaji wiki tatu, na jina linalipa. Fattori ni miongoni mwa wasanii wa Italia wanaoghushiwa sana. Kwa hiyo ukimtaka yeye, karatasi ina hatari zake, lakini kibao cha rangi kisicho na historia ya umiliki ni hatari mara kumi.

Napoli ni soko jingine kabisa. Anton Sminck van Pitloo, Mholanzi kutoka Arnhem, alihamia huko akafundisha vijana kuchora hewa na mwanga, hadi kipindupindu kilipomchukua mwaka 1837. Kundi lililomzunguka likaitwa shule ya Posillipo, na mchoraji wake bora ni Giacinto Gigante (1806–1876), fundi wa rangi ya maji ambaye kwangu hana mpinzani Italia nzima. Kazi zake nzuri si za bei ya chini. Ila chini yake kuna bahari ya kazi za ukubwa wa mkononi zilizochorwa ili mtalii aziweke sandukuni.

Kati ya hizo, ninazozipendekeza ni guashi za Vesuvio, yaani kazi za rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga: volkano inalipuka usiku, lava inateremka, bahari imewaka nyekundu, na chini kwenye ukingo mweusi kuna maandishi yanayotaja tarehe ya mlipuko, 1794, 1822, 1872. Mara nyingi hazina saini. Zimechorwa kwa mkono, moja moja, ingawa kwa kurudiarudia, na huanzia yuro mia kadhaa. Wajuzi wanaweza kuzidharau kama bidhaa za watalii. Mimi naona afadhali bidhaa ya kitalii inayokiri kuwa ndiyo hiyo, kuliko ile turubai ya mita moja inayojifanya sanaa ya makumbusho.

Waliohamia Paris sitawakalia sana. Boldini kutoka Ferrara (1842–1931), De Nittis kutoka Barletta (1846–1884) na Federico Zandomeneghi kutoka Venezia (1841–1917) wana wanunuzi wa dunia nzima, na De Nittis alishiriki maonyesho ya kwanza ya Waimpreshonisti mwaka 1874. Bei zao zinaamuliwa London na Paris kama zinavyoamuliwa Milano. Michoro ya haraka ya Boldini ya mikono, kofia na vichwa hutokea mnadani mara kwa mara, nayo imejaa bandia pia. Tosheka na kuwaona: Ferrara kuna mkusanyiko wa kazi za Boldini, na Barletta kuna kazi ambazo mjane wa De Nittis aliuachia mji ule.

Waitaliano waliochora nchi za Waislamu ni habari nyingine, na hapa msomaji wa Kiswahili ana silaha yake mwenyewe. Alberto Pasini (1826–1899) alifika Uajemi mwaka 1855 pamoja na ujumbe wa Ufaransa. Stefano Ussi alikwenda Morocco mwaka 1875. Hao waliona walichochora. Wengine wengi hawakuvuka bahari: walinunua mazulia, birika na panga, wakamvika kijana wa Roma kilemba, wakachora "soko la Kairo" ndani ya studio. Wanunuzi wa Ghuba wameyapandisha bei makundi yote mawili, na Qatar ina mkusanyiko mkubwa wa taifa wa sanaa ya aina hii. Lakini mtu aliyekulia Lamu au Muscat anajua kilemba kinavyofungwa, jambia linavyokaa kiunoni, safu ya swala inavyonyooka. Akisimama mbele ya picha yenye watu wanaosali huku kila mmoja kaelekea kwake, ameshajua kitu ambacho mtaalamu wa mnada hakukiandika. Ukivutiwa na kundi hili, mtafute aliyesafiri, na zaidi michoro aliyoichora safarini, si picha aliyoimalizia nyumbani.

Maneno mawili yanayogharimu pesa

Katalogi ya Kiitaliano haidanganyi, ila inajua kunyamaza. "Firmato" maana yake mnada unaamini msanii mwenyewe alitia saini. "Reca firma" maana yake kuna saini hapo, basi; nani aliiweka ni shauri lako. Nimeona watu wakilipa bei ya neno la kwanza kwa kitu kilichoandikiwa neno la pili. "Attribuito a" ni dhana ya mtaalamu, "cerchia di" ni mtu wa karibu na msanii, "seguace di" ni mfuasi ambaye huenda hakuwahi kukutana naye, na "da" ni nakala ya kazi yake. Kila hatua moja chini inapaswa kukata bei vibaya sana. Isipokata, kaa na pesa yako.

Barua za uthibitisho zilizoandikwa nyuma ya foto ya zamani ya kazi nazo zisikupumbaze. Ziliandikwa kwa wingi, mara nyingi na mtu aliyelipwa na muuzaji. Ninapendelea ushahidi usiotaka kunishawishi: lebo iliyochakaa mgongoni ya maonyesho ya Promotrice, yaani chama cha kukuza sanaa, kipande cha waya wa fundi fremu wa zamani, au muhuri mdogo wa mkusanyaji kwenye kona ya karatasi. Mihuri hiyo imeorodheshwa tangu kitabu cha Mholanzi Frits Lugt cha mwaka 1921, na leo unaweza kuitafuta bure mtandaoni.

Beba lenzi na tochi ndogo ya miali ya urujuanimno (UV). Karatasi inayong'aa buluu-nyeupe chini ya tochi hiyo ina kemikali ya kung'arisha iliyoenea baada ya Vita ya Pili; Fattori hakuigusa. Kwenye mafuta, vanishi ya zamani hutoa kijani cha ukungu na marekebisho mapya huonekana kama madoa meusi. Nyeupe ya titani haikuwa sokoni kabla ya karne ya 20, hivyo maabara ikiikuta ndani ya picha ya 1870 na si kwenye kiraka cha fundi, mazungumzo yamekwisha. Saini iliyoingia ndani ya nyufa iliwekwa baada ya nyufa. Na ubao ambao njia za wadudu zimekatwa wazi pembeni kama mifereji ulipasuliwa kutoka kwenye samani kuukuu.

Lenzi niliijifunza kwa fedha yangu. Mchoro wangu wa kwanza, niliouchukua dukani kwa mtu mpole sana, ulikuwa kichwa cha mwanamke kwa mkaa. Nyumbani niliukuza: mkaa wote ulikuwa vitone vidogo vilivyojipanga safu, kama picha ya gazeti. Fremu yake ninayo bado.

Hesabu ya mwisho na mpaka

Ile yuro 2,000 si dau lako. Mnada huongeza ada ya mnunuzi, kwa kawaida kati ya asilimia 25 na 30. Ikiwa ni 28, dau lako la mwisho ni 1,560 hivi. Duka halina ada hiyo, ila imeshaingia kwenye bei. Faida ya duka ni kwamba unaweza kurudi kesho na keshokutwa kuitazama kazi ileile, na pengine kuirudisha. Faida ya mnada ni kwamba siku ya mvua yenye wanunuzi wachache unaweza kuokota kitu.

Kuitoa Italia ndiko karatasi inakoshinda tena, kwa bei yake. Sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2004, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inataka kibali cha kutoa nchini kazi yenye zaidi ya miaka 70 ya msanii aliyekwishafariki, ikiwa thamani yake inapita yuro 13,500. Chini ya hapo, mwenye mali hujaza tamko kwa ofisi ya usafirishaji. Juu ya hapo, ofisi inaweza kukataa na kuitangaza kazi kuwa ya urithi wa taifa, na kuanzia hapo utaimiliki lakini haitavuka mpaka. Ukiipeleka nje ya Umoja wa Ulaya, kuna leseni ya Umoja pia, na hapo aina ya kazi ina uzito: michoro huanzia thamani ya yuro 15,000, rangi za maji, guashi na pasteli 30,000, picha za mafuta 150,000. Ng'ombe wawili wa penseli wako mbali na vizingiti vyote. Tamko hilo mwachie muuzaji alijaze, na liandikwe kabla hujalipa.

Basi kama ukuta wako uko Zanzibar na hauna kiyoyozi, chukua turubai ya Napoli, lakini ishushe bei hadi ile ya mapambo, maana ndiyo kazi yake. Kama unataka zawadi yenye hadithi ya kusimulia, guashi ya Vesuvio. Kama nyumba ni kavu na huna haraka, nenda kwanza Livorno, Villa Mimbelli, ukakae asubuhi nzima na Fattori, kisha urudi mnadani kwa ajili ya ng'ombe. Ukiwapata, mwambie fundi fremu asikate kadibodi ya kuzungushia karibu sana. Mafundi wanapenda kufunika sehemu ambayo haikumaliziwa, na mimi ile nafasi tupu ya miguu ya nyuma ndiyo niliyoilipia.